Dozi ya Tatu

Mlangoni kwa Sibidu niliandika kwa chaki:
mtoto mmoja, mzunguko wa pili, Julai.
Mvua imefuta nusu. Nimerudi na mzunguko wa tatu,
na ninahesabu, siku hizi nahesabu kila kitu:
vidonge, vidole vyenye wino, madimbwi,
nyayo za ng'ombe zilizojaa maji toka hapa hadi Nakambe,
na viluwiluwi vimelala juujuu kama pumba za mtama.

Mwezi uliopita dozi ya kwanza nilimpa mwenyewe,
kijikoni, kwa sukari ya jikoni kwangu.
Noaga akatema. Tukangoja. Akameza.
Nikamwambia mama: kesho kimoja, keshokutwa kimoja,
hata akiwa anakimbiza mbuzi.
Hasa akiwa anakimbiza mbuzi.
Akaitikia.
Watu huniitikia, ili niondoke wakapalilie.

Leo navikuta vidonge viwili
vimefundikwa kwenye ncha ya kilemba chake.
"Alikuwa mzima. Nimemwekea akiba, akiugua."
Na chandarua?
Kimefunika vifaranga, mwewe wamezidi.
Kwa lugha yetu Noaga maana yake kuku,
lakini kuku waliopata chandarua ni wengine,
kumi na mmoja, wamelala kama watoto wa chifu.

Sikumgombeza.
Mwaka ule mimi nilisema homa ya Raogo ni ya meno.
Siku tatu nilimkanda kwa maji ya mwarobaini,
ya nne nikampakia kwenye baiskeli,
na mto ulikuwa umefurika.
Baiskeli ndiyo hii. Hata kengele sijabadilisha.

Basi tukafanya kazi. Vidonge vya zamani nikavichukua,
Noaga akapewa vipya, safari hii hakutema.
Sibidu akasuka tenga la mabua kwa ajili ya vifaranga,
mimi nikashona matundu ya chandarua kwa uzi wa gunia,
kibaya, mshono kama kovu.
Tukakitundika juu ya mkeka, tukakichomeka chini pande zote.
Mtoto akaingia, akatutazama kwa ndani
kama mtu aliyenunua nyumba.

Mlangoni nikaandika upya, sasa kwa mkaa.
Nilipokuwa napanda baiskeli, Sibidu akauliza,
bila ubaya, huku anapepeta:
"Na wewe, usiku, unalala ndani ya chako?"

Nikaitikia.
Watu huitikia.