Milango ya Kiwanja Kimoja

Umeme ulirudi saa saba usiku, Kadutu ikashangilia,
nami nikashuka chini ya ngazi
ambako seva ya Ushirika inalala
kati ya ndoo ya rangi na magunia ya risiti,
ikihema kama mgonjwa wa pumu.

Kazi yangu ilikuwa moja:
kusimika programu inayobisha hodi.
Haivunji, haiibi. Hubisha tu, neno kwa neno,
mbele ya jina la kikoa chetu,
ikisikiliza nani ataitika.

Nikaandika amri. Ikafika asilimia themanini na tatu,
mtandao ukakata.
Nikaandika tena. Ikadai maktaba isiyokuwepo.
Nikaileta maktaba; ikadai maktaba ya maktaba,
kama baba mkwe anayeongeza ng'ombe
kila ukifika na ng'ombe uliyetajiwa.
Saa tisa ikaridhika.
Nikaipa akaunti yake yenyewe, isiyo na mamlaka:
mgeni hapewi funguo za chumba cha kulala.

Unavijua viwanja vya Bukavu.
Baba alinunua mita ishirini kwa thelathini.
Akaja shemeji, akajenga nyuma. Mpangaji akaongeza jiko.
Kaka yangu akachimba mlima, akabandika mabati.
Siku afisa wa ardhi alipokuja na utepe wake
akauliza, "Nyumba ni ngapi humu?"
Baba akasema, moja.
Mvua ndiyo iliyohesabu sawasawa.

Basi na Mkurugenzi Zihalirwa huapa
tuna milango miwili: tovuti, na barua.
Programu ilibisha kwa maneno elfu ishirini ya kigeni,
ikarudi na minne:
"barua", "majaribio", "majaribio2",
na mmoja unaoelekeza kwenye mashine tuliyokwisha kuiuza.

Lakini maneno ya kigeni hayajui nani alifanya kazi hapa.
Nikatunga orodha yangu mwenyewe:
akiba, mkopo, deni,
Nguba, Nyawera, Bagira,
majina ya wahasibu, jina la mbwa wa mlinzi.
Kisha nikamkumbuka Balagizi, fundi aliyenitangulia,
kibodi yake iliyonuka samaki wa kukaanga tangu saa nne asubuhi,
nikaandika: sambaza.

Hodi.
Mlango ukaitika.

Walikuwamo wote, wauza samaki mia mbili na kumi na sita:
jina, namba ya simu, deni hadi faranga ya mwisho,
bila kufuli, bila hata pazia,
miaka sita barabarani.
Neno lenyewe lilikuwa limeshasema: sambaza.

Kidole kilikuwa tayari kufunga.
Daftari la seva likanishika kiwiko.
Kila Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri,
simu moja, ileile, ya skrini ndogo,
huingia, husoma mstari mmoja, hutoka.
Cibalonza M'Rugwiza.
Deni: sifuri.
Limekuwa sifuri tangu mwaka wa pili.
Huja tu kuangalia kama sifuri yake bado ni sifuri.

Nilimpigia Balagizi, siku hizi yuko Kalemie.
"Bado uko hai?" akauliza kwa usingizi,
sijui mlango, sijui mimi.

Nikaweka kufuli. Nikaipangia programu ratiba:
kila usiku saa tisa ibishe upya, kwa orodha zote mbili,
na ikisikia jina geni iniamshe.
Nikachapa ukurasa wenye mstari mmoja,
nikaupiga muhuri wa Ushirika mara mbili,
mara ya pili kwa sababu wino ulikuwa hafifu.

Jumatatu nitakuwa sokoni kabla ya saa kumi na moja.
Sura yake siijui.
Itabidi nibishe hodi,
beseni kwa beseni.