Kopo la Bi Malogo

Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa famasi:
daftari la michango, risiti ya maji,
deni la spika ya kukodi.
Jumatatu nilikuwa na sapu.
Jumamosi nilikuwa Bahi, mnadani,
koti jeupe limeshakuwa la udongo.

"Mbukwenyi!"
Kigogo changu chote kikaishia hapo.

Meza yetu kando ya zizi la ng'ombe wa kuuzwa.
Tulitangaza: leteni dawa zilizobaki nyumbani.
Bi Malogo akaja na kopo la mafuta,
ndani nusu dozi za miaka saba
zimefundikwa kwenye vipande vya kanga:
hiki cha kikohozi cha Ndalu,
hiki cha jirani,
hiki, akasita, cha mbuzi.

Usugu wa dawa nimeufundishwa kwa slaidi arobaini.
Sikukumbuka hata moja.
Chilongani, katibu wetu, akachuchumaa:
"Mama, shamba ukilipalilia nusu, magugu yanafanyaje?"
Akacheka mpaka akashika meza.
"Yanarudi na hasira."

Nikaliandika nyuma ya risiti.

Jumatatu, swali la nne,
nililijua jibu.
Ila Kiingereza changu
hakikuwa na mahali pa kuiweka
ile hasira.