Sharti Ainame

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
sawa,
lakini aliyesema hakusema ainame vipi.
Mimi niliinama kama ndoana,
wodi ya wanaume, hospitali ya Ibra, saa tisa usiku,
nikimvuta mzee wa kilo tisini na nne
aliyeteleza mpaka nyayo zikagusa chuma cha kitanda.
Kitu kikalia chini ya mkanda wangu, ta!
kama kijiti cha muhogo.
Nikamaliza zamu nikitembea ubavu, kama kaa.

Daktari: vidonge, wiki mbili, usibebe vizito.
Nikacheka, nikajuta,
kumbe kicheko nacho hupita mgongoni.

Shinuna wa maabara akanipeleka jimu ya wanawake,
nyuma ya duka la matairi,
vioo vimebandikwa karatasi nyeusi, kiyoyozi kinakohoa.
Mwalimu Ghaniya binti Saud, mfupi, mpana,
Kiswahili chake kakinyonya kwa bibi wa Wete.
Siku ya kwanza hakunipa chuma. Alinipa ukuta.
"Simama mbele yake. Ugonge kwa makalio.
Hapana, si kiuno. Nyonga!
Mlango ukifunguka ubao haupindi,
kazi ni ya bawaba."

Sikuelewa.
"Unaswali?"
"Naswali."
"Haya, rukuu."
Mgongo ukalala kama meza,
akaweka juu yake kikombe cha maji,
akaenda kujibu simu. Akarudi. Kikombe kipo.
"Sisemi hii ni ibada. Nasema umbo unalo,
ila ukikunja mswala, unalikunja nalo."

Vyuma vyake vina tabia, kama mawifi.
Kile kirefu, kilichonyooka, kinachokwangua muundi
na kutaka umfuate mpaka chini:
"Huyu si mchumba wako kwa sasa."
Tukajaribu miguu mipana, vidole nje, kifua wima.
Mgongo ukashukuru, nyonga zikagoma.
Tukajaribu kushuka polepole kutoka juu,
magoti karibu yanyooke,
mpaka nyuma ya mapaja pakakaza kama kamba ya hema.
Hiyo akaniachia, kwa mti wa fagio, wiki tatu.

Halafu fremu ya pembe sita.
Unaingia katikati yake kama aingiaye sufuriani,
vishikio ubavuni,
uzito haukuvuti pua, umesimama nawe.
Akaipandisha juu ya vibao viwili,
nisifuate chini nisikofika.
"Aibu ni kuvunjika, si kuanzia juu.
Pumzi tumboni. Kaza, kama unangoja ngumi.
Kwapa zibane, umeficha barua.
Sasa usivute chuma. Sukuma ardhi."

Nikaisukuma ardhi ya Oman. Ikakataa.
Kwa kuwa yeye hakwenda, nikainuka mimi.
Kilo thelathini.
Jirani yangu anainua mia na kumi, anajipiga picha.
Nilimtazama, nisiseme uongo, kwa jicho la njaa.

Nyumbani mama ananing'ong'a:
"Riali ishirini na tano kila mwezi kuinua vyuma,
na gunia la mchele limelala stoo bure!"
Nikaenda stoo.
Gunia halina pembe sita, halina kishikio,
linalegea kama mgonjwa.
Nikalikaribia mpaka likanigusa miguu,
na mama akanyamaza, kijiko hewani.
Lilipokwisha kukaa juu ya meza
hakulitazama gunia. Akanipapasa mgongo, palepale.
"Panauma?"
"Kidogo."
Asubuhi bado naingia garini kwa awamu tatu.

Zamu ya usiku, kitanda namba nane.
Nakanyaga pedali, kitanda kinapanda mpaka kiunoni,
jambo nililolifanyia uvivu miaka sita.
Namwita mwenzangu ashike shuka upande wa pili.
Tayari?
Nyonga zinarudi nyuma,
zinatafuta ukuta usiokuwepo.