Daftari la Vipimo

Kifua, inchi thelathini na nne. Bega, kumi na sita.
Niliandika hivyo mwaka ule alipoegemeza baiskeli
kwenye nguzo ya kibaraza changu, hapa Arua:
shemasi mpya, Manase Ezaruku,
anataka kanzu nyeupe, kwa mkopo.
Nikamwambia, mimi Mnubi, Mwislamu,
msalaba sijawahi kuudarizi.
Akauchora kwa chaki mezani pangu.
"Mistari miwili tu, fundi."

Deni: shilingi kumi na nane.

Ukurasa wa tisa, kasisi. Kifua thelathini na saba.
Mama Driciru hakuwa bahili wa simsim.

Ukurasa wa kumi na nne hauna namba.
Tulivuka usiku kwenda Kongo,
cherehani kichwani kwa mke wangu,
rejista ya ubatizo ndani ya shati lake yeye,
imelowa jasho hadi herufi M.
Kule kambini nilimshonea stola ya gunia la unga wa msaada.
Maandishi niliyafua, yakagoma.
Akazika watoto sabini na mmoja
na neno HAIUZWI shingoni.

Kisha uaskofu. Zambarau ilitoka Kampala
ikapungua shubiri moja.
Nikaunga kwapani kipande cha gauni la binti yangu.
Siku ya kuwekwa wakfu nilisimama nje, dirishani.
Kila alipobariki, jasho lilinitoka mimi.
Mawaziri walikuwapo, na maaskofu wenzake; hakuna aliyeona.
Yeye alijua.
Akazidi kuuinua mkono.

Kifua arobaini na nne.
Miaka hiyo sikumpenda.
Gari lilisimama, dereva akashuka na nguo,
kioo cha nyuma hakikufunguliwa.
Ilikuwa ile kesi ya shamba la kanisa:
wajane watatu walitolewa na vyungu vyao
kwa barua yenye muhuri wake.
Nilishona. Salamu sikutuma.

Jana amekuja kwa miguu, mstaafu, na mkongojo.
"Nipunguzie."
Nikazungusha tepu: thelathini na nne.
Nikamfunulia ukurasa wa kwanza acheke.
Hakucheka. Alikuwa anasoma mstari wa chini.
"Wale wajane..." akasema,
akanyamaza hadi uzi ukaniishia kwenye bobini.
Halafu mkono wake ukaanza kutafuta mfuko.

Nikafunga daftari.
Baba Askofu, inua mkono.
Kwapa nalo nilipime.