Ini Linalong'aa

Daktari Mwadi alinipaka jeli ya baridi ubavuni,
akatelezesha kile kidude chake, akakigeuza kioo nione.
"Ini lako linang'aa," akasema.
Nikatabasamu. Nilidhani nasifiwa.

Kumbe ini zima lina ukijivu wake, halijionyeshi.
Langu jeupe kama bukari iliyotoka sufuriani.
Mafuta, alisema. Pombe huigusi, najua.
Unalala saa ngapi?

Saa ngapi!
Mwaka wa kumi na nne huu mimi ni zamu
kwenye bohari la shaba, njia ya Likasi,
chini ya taa inayoua kumbikumbi na usingizi.
Saa nane za usiku nakula vitumbula vya Mama Kyungu,
si kwa njaa, ni kwa kuhesabu:
kimoja kikiisha, saa moja imekufa.
Mchana najilaza Katuba. Kapinga ametundika kitenge dirishani,
lakini bati lina matundu ya misumari,
na kila tundu ni jua.

Watu husema neno kali hukata maini.
Hakuna aliyenionya kwamba taa nayo ina makali.

Ndani ya kichwa, akanieleza, kuna kitu kama punje ya mtama,
kinangoja giza ndipo kidondoshe melatonini,
tone, tone, mtungi unaovuja.
Inashuka mpaka kwenye ini na huenda
(akalikazia hilo *huenda* kwa kidole mezani)
ikayapunguza mafuta, ikatuliza uvimbe.
Kwa panya imeonekana.
Kwa watu bado wanabishana.

"Panya hao," nikauliza, "wanalinda bohari gani?"
Alicheka hadi jeli ikamdondokea kiatuni.

Vidonge hakuniandikia. Aliandika mboga, kutembea,
na zamu ya mchana, mkubwa wangu akikubali.
Mkubwa hakukubali.

Jumanne umeme ukakatika. Jenereta haina mafuta,
mafuta yote ninayo mimi.
Giza likaingia bohari zima, likanifikia magotini, kifuani,
nikalisikia kichwani likibisha hodi.
Nikakirudisha kitumbula kwenye karatasi.
Pembeni, karatasi ikachakarika.

Kula, ndugu yangu.
Wewe ndiye uliyetangulia kupimwa.
Mimi leo nakaa tu hapa, macho wazi, bila taa,
nasikiliza kama kuna kinachodondoka.