Jiwe la Mizani

Mama yangu hupima ugoro kwa Jenerali.
Soko zima la Mbuyuni wanajua:
mia tano, Jenerali mara moja;
buku, Jenerali mara mbili
na kidole cha nyongeza kwa mteja mzee.

Lile jiwe halisi liliibwa mwaka wa mafuriko.
Mama akafungua kabati, akafungua kikasha
cha mahameli nyekundu, akamtoa.
Kikasha alichukua Manka, akatunzia hereni.
Sarafu ilipungua gramu mbili,
mama akamgandisha kipande cha risasi mgongoni,
risasi ya mafundi betri,
si ile nyingine.

Tulimpokea uwanjani, Februari,
bati la jukwaa likilia kwa jua,
wajane mbele, watoto nyuma, soda baadaye.
Ofisa akasoma jina la baba kwa kuruka:
Anaeli akawa Anali.
Mama akasimama hivyo hivyo,
akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono miwili
kupokea uso wa mtu
asiyewahi kumwona hata kwa mbali.
Jina la mwenye uso lilipinda ukingoni
kama treni kwenye kona.

Baba aliendesha lori la maji.
Hakuna aliyegonga sarafu ya lori la maji.
Alisimulia mara moja tu, tukimenya ndizi:
gurudumu lilizama kwenye tope huko magharibi,
wakachimba usiku kucha kwa sahani zao za kulia,
na alfajiri lori lilipotoka
kijana mmoja wa Kibosho akaendelea kuchimba,
akachimba, akachimba,
mpaka baba akamshika mikono.
Hapo akanyamaza.
Akaomba kisu chenye makali.

Juzi amekuja bwana Nanyaro wa Arusha,
mwenye duka la vitu vya kale nyuma ya Mnara wa Saa,
miwani imening'inia kwa kamba ya kiatu.
Akampindua Jenerali, akampulizia pumzi, akamfuta.
"Mama, huyu umemfanya nini?"
"Namsugua kwa majivu kila Jumamosi. Ugoro unanata."
"Pua iko wapi?"
"Mwaka gani unauliza?"
Akahesabu kwa ukucha: kofia ipo,
nyota za begani, moja na nusu.
"Angekuwa na pua, laki nne taslimu.
Hivi alivyo, elfu kumi na tano,
na hiyo risasi nitaibandua mwenyewe."

Akawa bado anaeleza,
habari za mnada, za watu wa mbali
wanaolala na majenerali chini ya kioo,
hawagusi ila kwa glavu,
mara bibi mmoja wa Uru akasimama mezani
na noti yake ya mia tano imekunjwa mara nne.
Mama akanyoosha mkono kwa bwana Nanyaro:
"Nirudishie. Yuko kazini."

Mimi kutwa niko nyuma ya kioo, benki,
marais na tembo na vifaru
wananipita vidoleni bila salamu.
Jioni nilishuka sokoni kumsaidia kufunga.
Mizani ilikuwa imelalia upande mmoja:
Jenerali amekaa chini kabisa, peke yake,
na sahani ya pili juu, tupu, inayumba.
Ndivyo hulala kila siku.
Asubuhi ugoro ndio unaomwinua.

Nilimchukua nikampitishia dole gumba.
Paji la uso, lipo kidogo.
Kidevu, cha yeyote.
Nilimtafuta baba, sisemi uongo,
nilimtafuta hata yule kijana wa Kibosho,
nikifikiri bati laini namna ile
lina nafasi ya mtu.
Kilichotoka ni harufu.
Nikapiga chafya tatu mfululizo, machozi yakanitoka,
na mama, anafunga turubai, hata hakugeuka:

"Mrudishe sahanini."