Chungu Kisichochomwa

Ulichimba peke yako, Chidawali, kiangazi kizima,
koleo likikwaruza kichanga cha Handali
kama mtu asagaye meno usingizini.
Hukuniuliza. Mimi wa vyungu, mimi wa jikoni.

Mvua ya Desemba ikaja usiku, ikapiga bati.
Asubuhi lambo limejaa, ukaita majirani.
Siku ya pili maji yalikuwa kiunoni.
Siku ya tatu, kwenye vifundo.
Siku ya nne mbuzi wa Malogo alisimama katikati
akilamba unyevu, akatutazama kama anatudai.

Ukasema: jua. Ukasema: husuda.
Nikachota konzi ya mchanga wako, nikaufumbata,
nikafungua mkono: ukamiminika wote.
Umechimba chujio, mume wangu.
Ulinuna hadi Pasaka.

Kiangazi kilichofuata tukashuka mbugani,
ninakochimba udongo wangu, na punda wa kukodi.
Nikakufundisha: uviringishe kama mkia wa panya,
uukunje uwe pete;
ukikatika, si wenyewe, uache.
Viroba mia mbili na sita. Nilihesabu kwa mkaa ukutani.
Tukautandaza unene wa shubiri, sakafu na kuta,
tukaulowesha kwa maji ya kununua, ndoo kwa ndoo
(ndiyo, kununua maji ili kuyazuia maji; cheka),
kisha tukawaingiza ng'ombe wa Malogo, kumi na wanane,
wazunguke, wazunguke, kwato zikifinyanga
kazi ambayo vidole vyangu vingeimaliza uzeeni.

Hiki hakichomwi, nikakuonya. Kikikauka, kitapasuka.
Ukakifunika majani, ukakinyunyizia kila jioni
kama auguzaye mtoto,
mpaka mawingu yalipongurumia upande wa Mvumi.

Leo ni Juni. Kijiti ulichokisimika katikati
kina alama za kisu. Maji yameshuka, sitasema uongo:
upepo unakunywa, jua lina fungu lake,
na kule kona ya mashariki panavuja bado.
Lakini mbuzi wa Malogo akiingia sasa
analowa mpaka tumboni.

Jana ulipita nyuma ya jiko, ukakohoa,
ukauliza, kama mtu aulizaye bei ya kitu asichokitaka,
ile kona tuizibe na nini.

Nikaendelea kupepeta uwele.
Nilikuacha usubiri kidogo.